Anayekwenda kusoma Urusi aanze na Kiswahili chake

Ndugu Mhariri,

Kila ikifika katikati ya mwaka, vijana waliopata nafasi za kusoma Urusi huanza kuhaha kutafuta pa kujifunzia Kirusi kabla ya kuondoka. Wanachoambulia mara nyingi ni vitabu na video zilizotengenezwa kwa ajili ya Waingereza na Wamarekani, au kozi fupi ambazo kila neno la Kirusi huandikwa kwa tahajia ya Kiingereza, eti kurahisisha. Sisi tunaofundisha lugha hii kwa wanaoanza tunaona njia hiyo inamzungusha mwanafunzi bure. Mengi yanayomtoa jasho Mwingereza, Mswahili anayo tayari mdomoni. Na mashimo anayotumbukia Mswahili hayamo katika vitabu hivyo, kwa sababu Mwingereza hapiti huko.

Herufi zenyewe si tatizo. Ziko 33: irabu 10, konsonanti 21, na alama mbili zisizo na sauti yake, ъ na ь. А, К, М, О na Т husomwa karibu kama zilivyo kwetu. Zinazodanganya ni zile zenye sura ya Kilatini na sauti nyingine: В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s, У ni u, Х ni kh. Kwa hiyo НОС husomwa "nos", yaani pua. РОТ ni "rot", kinywa. РУКА ni "ruKA", mkono. (Katika barua hii silabi yenye mkazo tunaiandika kwa herufi kubwa.) Wiki moja yatosha kuzijua zote kwa macho, na baada ya wiki hiyo hakuna sababu ya mwalimu kuendelea kuandika Kirusi kwa Kilatini. Aliyezoezwa hivyo atasimama mbele ya kibao cha metro kule Moscow kama hajawahi kusoma darasa hata moja.

Kinachosahaulika ni mwandiko wa mkono. Wahadhiri wa Kirusi huandika ubaoni kwa mwandiko wa kuunganisha, na humo т ndogo huonekana kama m, и kama u, п kama n, д kama g. Neno тип, yaani "aina", likiandikwa kwa mkono linaonekana "mun". Тут, "hapa", linaonekana "mym". Mwanafunzi aliyejua herufi za chapa peke yake hunakili ubao mzima bila kujua ameandika nini. Dawa yake ni daftari la mistari na ukurasa mmoja kila siku kwa wiki tatu, kwa kunakili maneno mazima, maana ugumu uko kwenye maungio ya herufi.

Sasa sauti. Mwingereza huhangaika miezi na r ya Kirusi. Ya kwetu inafaa kama ilivyo, ilimradi mtu hatoki katika lugha ya nyumbani isiyotenganisha r na l. Huyo afanye mazoezi ya игра na игла kila asubuhi, maana la kwanza ni mchezo na la pili ni sindano. Х ni kh ya "kheri" na Khamis. Ш ni sh, Ч ni ch. Нет, "hapana", huanza na ny ile ile ya "nyerere". Hata msamiati una ndugu zetu: чай ni chai, сундук (sunDUK) ni sanduku, халва ni haluwa kwa jina ingawa si ile ya Zanzibar kwa ladha, na алмаз ni almasi. Hili la mwisho linafundisha kitu cha ziada: herufi ya mwisho ni з, yaani z, lakini Mrusi husema "alMAS". Konsonanti yenye mtetemo wa koo, kama b, d, g na z, ikikaa mwishoni mwa neno hupoteza mtetemo huo: хлеб, mkate, ni "khlyep", год, mwaka, ni "got", друг, rafiki, ni "druk".

Sauti mpya kabisa ni chache. Ж ni sh iliyotiwa mtetemo wa koo. Ы ndiyo inayowatesa wengi, na wengi huikimbia kwa kusema i ya kawaida. Hapo hutokea maafa madogo: был (byl) ni "alikuwa", бил (bil) ni "alipiga". Njia ya kuipata ni kusema u kwa kuivuta, kisha, ulimi ukibaki pale pale nyuma, kuitandaza midomo kama mtu anayetabasamu. Penseli iliyoshikwa kwa meno kwa upande husaidia, kwa sababu inazuia midomo kujikunja tena.

Halafu kuna konsonanti laini. Ile alama ь haisomwi, lakini inailainisha konsonanti inayoitangulia: sehemu ya kati ya ulimi hunyanyuka kuelekea kaakaa, kama tufanyavyo kwenye ny. Брат ni kaka, брать ni kuchukua. Угол ni kona, уголь ni makaa ya mawe. Na aangalie sana anayetaka kumtaja mama yake: мать ni mama, lakini мат, bila ulaini, ni matusi.

Konsonanti zilizorundikana nazo zina ugonjwa wake. Mswahili akikutana na здравствуйте huzipachika irabu katikati ikawa "zidarasutuvuyite", na Mrusi haelewi kwamba amesalimiwa. Kwanza ajue kwamba ile в ya mwanzo haisemwi: ni "ZDRAstvuytye". Pili, alijenge neno kuanzia mkiani: tye, vuytye, stvuytye, ZDRAstvuytye, mara kumi polepole kabla ya kuongeza mwendo. Tatu, akumbuke kwamba anayesema "mshtuko" na "mstari" bila kusema "mushituko" na "musitari" ameshaonja mambo haya. Kihusishi в, "katika", hakina irabu hata moja. Hubandikwa kwenye neno linalofuata na mara nyingi hugeuka f: в школе ni "FSHKOlye", pumzi moja.

Lakini kama tungeruhusiwa kusema jambo moja tu kuhusu matamshi, lingekuwa mkazo. Kiswahili kimetuzoesha vibaya. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho karibu siku zote, kwa hiyo hatuujifunzi, huja wenyewe. Wa Kirusi hukaa popote, na neno lile lile likibadilika mwisho mkazo waweza kuhama: рука ni "ruKA", lakini руки, mikono, ni "RUki". Tunao mfano mmoja kwetu wa kuonja jambo hili: baraBAra ya kupita magari na baRAbara ya "sawasawa". Kirusi kimejaa barabara za namna hiyo. ЗАмок ni ngome, заМОК ni kufuli. МУка ni mateso, муКА ni unga. ПЛАчу ni "ninalia", плаЧУ ni "ninalipa". Na huyo muuza duka atakushangaa ukimwambia unalia ilhali umeshika noti.

Mkazo pia huamua irabu nyingine zitasikikaje. Kiswahili hutamka kila irabu kwa haki yake. Kirusi huipa haki ile yenye mkazo tu, nyingine hufifia. О isiyo na mkazo husikika kama a: молоко, maziwa, ni "malaKO", хорошо, vizuri, ni "kharaSHO", na Москва ni "maskVA". Anayesoma kila o kama o ataeleweka kwa taabu, na ubaya zaidi yeye mwenyewe hatawaelewa wanaomsemesha, kwa kuwa anasubiri "moloko" na hakuna anayelisema. Kwa hiyo neno lisiingie daftarini bila alama ya mkazo. Vitabu vya wanaoanza na kamusi huiweka. Magazeti na vitabu vya kawaida haviweki. Herufi ё ndiyo pekee inayojitangaza, mkazo huwa juu yake, ila Warusi wenyewe hupenda kuiandika bila nukta kama е, ndiyo maana всё (vitu vyote) na все (watu wote) huonekana sawa katika maandishi.

Upande wa sarufi, habari ni njema kuliko inavyotangazwa. Mrusi hana "ni" katika wakati uliopo: Я студент ni "mimi mwanafunzi", basi. Mwanafunzi anayefundishwa kwa Kiingereza hutafuta kitenzi ambacho hakipo.

Jinsia tatu za nomino nazo huwatisha Waingereza. Sisi tuliolelewa na ngeli, kitabu kipya, vitabu vipya, gari jipya, tutaogopaje tatu? Новый стол ni meza mpya, новая книга kitabu kipya, новое окно dirisha jipya. Kwenye wingi zote tatu huvaa новые. Upatanisho ni ule ule tunaoujua, ila kiambishi kimehamia mkiani. Nomino inayoishia na konsonanti ni ya kiume, -а au -я ya kike, -о au -е ya kati. Zipo zinazokaidi: папа, baba, ni ya kiume licha ya -а yake, na время (wakati) na имя (jina) ni za kati. Zinazoishia na ь hazitabiriki, день (mchana) ni ya kiume na ночь (usiku) ni ya kike. Zote hizi ziandikwe daftarini pamoja na "-angu" yake, мой день, моя ночь, моё имя, na suala linaisha.

Kazi kubwa iko kwenye hali sita za nomino, yaani miisho inayobadilika kulingana na kazi ya nomino katika sentensi, ambazo Warusi huziita padezh. Na hapa ndipo Kiswahili husaidia kwa mkono mmoja na kuponza kwa mkono mwingine. Tunasema niko shuleni, naenda shuleni, natoka shuleni. Kiambishi kimoja, -ni, kinabeba yote matatu, na kitenzi kinabeba tofauti. Kwa Mrusi hizo ni hali tatu mbali mbali:

Я в школе (niko shuleni).
Я иду в школу (naenda shuleni).
Я иду из школы (natoka shuleni).

Mswahili akishazoea kwamba "shuleni" ni в школе, husema Я иду в школе, na Mrusi huelewa kwamba anatembea tembea ndani ya jengo la shule. Kosa hili hudumu miaka kwa sababu haliharibu kabisa maana, na wenyeji huona haya kumsahihisha mgeni. Mzizi wake ni neno letu "wapi", ambalo Kirusi kimelipasua mara tatu: где ni wapi mtu alipo, куда ni wapi aendako, откуда ni wapi atokako. Tunashauri zoezi hili: mwanafunzi achukue mahali kumi panapoishia na -а, kama школа (shule), аптека (duka la dawa), больница (hospitali), комната (chumba), квартира (fleti), библиотека (maktaba), na kila mahali akajibie maswali yote matatu kwa sauti. Ni sentensi 30, dakika kama kumi. Akirudia kila siku kwa wiki mbili, miisho huja bila kufikiri. Baadaye ndipo aongeze maneno yanayotaka на badala ya в, kama на работе (kazini) na на почте (posta), ambayo wakati wa kutoka hutaka с: с работы, с почты.

Majina ya nchi zetu yaingie zoezini tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ndilo swali la kwanza ambalo mgeni huulizwa. Откуда вы? (Unatoka wapi?) Из Танзании, из Кении, из Уганды, из Руанды. Mkongomani na Mrundi wamepata nafuu ya bure: Конго na Бурунди hazibadiliki hata kidogo.

Kitenzi "kwenda" nacho kimepasuka. Идти ni kwenda kwa miguu, ехать ni kwenda kwa chombo. Anayesema Dar es Salaam kwamba Я иду в Москву amejitwisha safari ndefu ya miguu. Aseme Я еду. Kuhusu vitenzi viwili viwili, делать na сделать (kufanya), читать na прочитать (kusoma), ambavyo cha kwanza ni cha kitendo kinachoendelea na cha pili ni cha kilichokamilika, anayeanza ajifunze jozi nzima kwa pamoja na asijaribu kuzilinganisha na -li- na -me- zetu. Zinakaribiana kiasi cha kudanganya.

Baada ya mahali, hali inayolipa haraka ni ile inayofuata нет: нет воды (hakuna maji), нет света (hakuna umeme), нет времени (hakuna muda). Katika bweni maneno hayo yana kazi siku ya kwanza. Hesabu ndiyo inayokera. Mwaka mmoja ni один год, miaka miwili hadi minne ni два, три, четыре года, kuanzia mitano ni пять лет, na 21 hurudi kuwa двадцать один год. Mwenye miaka 19 aseme девятнадцать лет, mwenye 22 aseme двадцать два года. Kila mtu akariri umri wake na wa mwakani.

Saa ni balaa ya peke yetu, na hakuna kitabu cha Kiingereza kitakachoionya. Mwalimu akisema kipindi ni в девять часов утра, neno девять ni tisa, lakini saa yenyewe ni yetu ya tatu asubuhi. Kichwa kilichochoka husikia "tisa" na kuhesabu kwa Kiswahili. Nusu nayo huhesabiwa kwa saa inayokuja: половина второго, "nusu ya ya pili", ni saa saba na nusu mchana. Kwa miezi miwili ya kwanza ni salama zaidi kuomba saa iandikwe kwa tarakimu.

Adabu zetu pia zinahitaji kupinda kidogo. Kumwita mwalimu "Mwalimu" ni heshima kwetu. Kwa Kirusi kumwita mhadhiri учитель hakukubaliki masikioni. Huitwa kwa jina lake na la baba yake: Anna binti Ivan ni Анна Ивановна, Pyotr bin Ivan ni Пётр Иванович. Mswahili anayejua bin na binti hahitaji maelezo zaidi, ahitaji kuyakariri majina mawili ya kila mwalimu wiki ya kwanza. Mkubwa na mgeni huambiwa вы, "wewe" ya heshima, rafiki na mtoto ты, "wewe" ya kawaida, na kosa la kumwambia mhadhiri ты ni zito kuliko kosa lolote la miisho. Salamu ni mara moja kwa siku kwa mtu mmoja. Ukimrudia здравствуйте jioni atadhani umemsahau. Как дела? (habari gani?) hujibiwa нормально (kawaida) na kuishia hapo, hakuna habari za nyumbani, za kazi na za watoto. Mlangoni mwa darasa, pale tunapopiga hodi, neno ni moja: Можно? (Inaruhusiwa?) Hilo hilo hufaa dukani, Можно воду? (naweza kupata maji?), na popote pa kuomba ruhusa.

Ni kiasi gani kinatosha kabla ya safari? Mtihani rasmi wa Kirusi kwa wageni una ngazi zake, na ya chini kabisa hudai maneno 780. Inayofuata hudai 1300, na ile inayomruhusu mgeni kuingia mwaka wa kwanza wa chuo hudai 2300. Pengo hilo hujazwa na mwaka wa maandalizi, ambao wanafunzi wote huuita podfak, kama ulivyo katika Chuo Kikuu cha Urafiki wa Watu cha Moscow kilichoanzishwa 1960 na kinachobeba jina la Patrice Lumumba. Anayefika podfak mikono mitupu huambulia herufi wakati wenzake wanajenga sentensi, na muda si muda fizikia, hisabati au biolojia huanza kufundishwa kwa Kirusi hicho hicho. Maneno kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, ni 60. Kwa wiki 13 yanatimia 780. Saa moja kwa siku inatosha ikigawanywa hivi: dakika 20 za kusikiliza na kurudia kwa sauti, kumi za mwandiko, 20 za kutunga sentensi kwa maneno mapya, kumi za kurudi kwenye maneno ya juzi na ya wiki iliyopita. Zile 20 za kwanza mtu ajirekodi kwenye simu, sentensi moja ya mwenyeji, moja yake, azisikilize zikifuatana. Makosa ya mkazo hujisikia yenyewe hapo.

Ombi letu kwa wanaoendesha kozi za Kirusi Dar es Salaam, Nairobi, Zanzibar na kwingineko ni kwamba watayarishe kurasa zao za mwanzo kwa Kiswahili, hata kama ni 20 tu za kudurufu: herufi, mwandiko, jozi za mkazo, zoezi la "wapi" tatu, na saa. Nawe Mhariri, pembe ndogo ya gazeti mara moja kwa wiki, maneno kumi yenye alama za mkazo, kuanzia Juni hadi Agosti, ingewafikia hata wale wasio na nauli ya kwenda mjini darasani.

Kwa anayesoma hili leo na barua ya ufadhili iko mkononi, aweke kibodi ya Kirusi kwenye simu yake usiku huu, aandike jina lake kwa herufi hizo, kisha amwombe yeyote anayejua Kirusi amwonyeshe mkazo wake umekaa wapi.

Ni sisi,
Wafundishaji wa Kirusi,
Dar es Salaam